Mtoto Hasikii

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Kitale, na nimekifundisha muda wa kutosha kuanza kuchokana nacho. Kila mwaka, Kidato cha Tatu wakifika kwenye tungo tata, naandika ubaoni sentensi ileile: "Barua ya mwalimu imepotea." Kisha nawauliza, ni barua aliyoiandika mwalimu, aliyoandikiwa mwalimu, au inayomhusu mwalimu? Anayenipa maana moja nampa nusu alama na kumwambia amesoma kwa jicho moja. Natangulia kusema haya ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Mwalimu wa chekechea wa binti yangu aliniandikia sentensi ya maneno mawili, na mimi, bingwa wa tungo tata, nikaona maana moja tu, tena ile isiyokuwa yenyewe.

Sentensi ilikuwa hii: "Mtoto hasikii."

Ukimwambia mama yeyote wa huku kwetu kwamba mtoto wake hasikii, hatamwangalia masikio. Atatafuta fimbo. Mtoto asiyesikia ni mtundu, ni mkaidi, ni yule anayekatazwa kugusa jiko akaligusa. Hata lugha yetu ya nyumbani hutumia neno moja kwa kusikia na kutii, kana kwamba wazee wetu hawakuwahi kuona mtu anayetaka kutii lakini hajui ameambiwa nini. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa anapoteza masikio yake, pole pole, bila maumivu, na niliarifiwa kwa maandishi.

Wakati huo tulikuwa tunaishi wawili, mimi na yeye, kwenye nyumba ya kupanga nje kidogo ya mji. Baba yake alikuwa na kazi ya serikali Bungoma na chumba Kanduyi, akija kwetu Jumamosi na kurudi Jumapili jioni. Asubuhi nilimwacha mtoto chekechea, saa kumi nikamchukua. Ilikuwa chekechea ya mtu binafsi, vyumba vitano vya mabati vilivyopakwa rangi ya njano, na mahindi yakiota hadi ukingoni mwa uwanja wa kuchezea. Nilikuwa nimeichagua kwa sababu ilikuwa safi na uji wao ulikuwa mzito.

Mwalimu wake alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa upande wa Endebess, mpole, mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza aliniambia, "Mzazi, viatu zake ziandike jina." Nilitabasamu. Nikasema moyoni, haya, huyu ndiye atakayemfundisha mwanangu kusema. Sikumchukia. Nilimdharau tu, na dharau ni mbaya zaidi kwa sababu mwenye nayo hulala vizuri.

Kila mtoto alikuwa na dayari, daftari dogo lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, ambamo mwalimu aliandika habari za siku na mzazi akatia sahihi. Yeye aliandika kwa mkono wa duara, herufi za mtu anayeandika polepole. "Leo amekula yote." "Leo amelia kidogo lakini akanyamaza." Siku moja akaandika: "Kitabu yake ya kuchora imeisha, nunua ingine." Nilikuwa nasahihisha insha mezani, kalamu nyekundu i mkononi. Nikapiga mstari chini ya sentensi yake na kuandika juu: "Kitabu chake cha kuchora kimeisha, nunua kingine." Nilijiambia ni utani wa walimu kwa walimu. Kesho yake aliandika, "Asante mwalimu." Kama angenitukana ningeacha. Lakini alishukuru, nami nikaona nimepata mwanafunzi wa bure, nikaendelea. Muhula wote wa kwanza nilimsahihishia. Wiki nyingine dayari ya mtoto wa miaka minne ilirudi shuleni ikiwa nyekundu kuliko insha za Kidato cha Pili.

Sasa naweza kuifungua dayari ile nikaona alivyofupisha sentensi zake wiki baada ya wiki, akikwepa kila neno ambalo upatanisho wake ungemshinda. Aliacha kuandika "viatu", akaandika "miguu yake ililowa". Aliacha "kitabu", akaandika "mambo ya kuchora". Alikuwa anajificha. Na ndani ya maficho hayo alikuwa na jambo la kuniambia.

Alianza kwa mbali. "Mzazi, mtoto anasema maneno nusu nusu. Anasema lula, anasema kalam. Tafadhali mwangalie."

Hapo nilipandwa na mori. Kwa watu wa kwetu Bungoma, hilo la lula na rula si mzaha. Chuoni nilichekwa mpaka nikajifungia chooni nikijifunza kusema "rudi" na "lala" mbele ya kipande cha kioo. Mpaka leo nikichoka ulimi hunitoroka, na wanafunzi wa nyuma huinama kuficha meno. Na sasa huyu, ambaye hajui kitabu ni cha ngeli gani, amemkamata binti yangu kwa l na r! Sikuliona hata kidogo lile neno "nusu nusu". Sikujiuliza kwa nini mtoto wa mwalimu wa Kiswahili hamalizii "kalamu". Niliandika jibu la ukurasa mzima, lugha sanifu, koma na nukta mahali pake, kuhusu heshima kwa jamii za watu. Nilimalizia hivi: "Lafudhi si ugonjwa."

Hilo ndilo jibu alilopata alipothubutu mara ya kwanza.

Alikaa wiki mbili. Kisha Jumatano moja, wakati wa mvua, nikafungua dayari huku sufuria ya ugali ikichemka, nikasoma yale maneno mawili. Mtoto hasikii. Alikuwa ameyaandika peke yake katikati ya ukurasa, bila "mzazi", bila "tafadhali". Nakumbuka nilitafuta kosa nikalikosa, na hilo pia lilinikera.

Binti yangu alikuwa ameketi sakafuni akipanga vifuniko vya chupa, mgongo ukinielekea. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Akahamisha kifuniko cha kijani kutoka kushoto kwenda kulia, kwa utulivu kabisa. Ushahidi wote ulikuwa pale, umbali wa hatua tatu. Daktari angetosheka nao. Mimi niliuona na kusema, "Kumbe ni kweli," nikavua kandambili.

Nilimchapa miguuni. Alishtuka kama mtu aliyeangukiwa na kitu kutoka juu, na bila shaka kwake ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikaenda mezani nikaandika: "Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi. Ukiona hasikii, mchape. Nimekupa ruhusa." Nikatia sahihi. Sheria hairuhusu mwalimu kumchapa mtoto, na mimi kama mwalimu naijua. Lakini huku kwetu ruhusa ya mama bado huhesabiwa kuwa na nguvu kuliko sheria.

Alijibu kesho yake. "Hapana mzazi, si hivo. Hasikii." Lile neno la mwisho alilipigia mistari miwili chini.

Niliongeza y kwenye "hivo". Nikaandika pembeni, "Nimesoma. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili la mwanangu tutalitibu."

Tangu siku hiyo hakuniandikia tena. Kila jioni palikuwa na alama ya vema, tarehe, basi. Niliona tumeelewana.

Nimegombana naye mara nyingi kichwani tangu wakati huo, na sitaficha kwamba mara nyingine nashinda. Namuuliza, mbona hukuandika "masikio"? Neno moja tu! Ulikuwa na namba yangu ya simu, ulikuwa unaniona getini saa kumi kila siku, ungenishika mkono ukaniambia mama, mtoto huyu ni kiziwi. Ulimwogopa mwanamke mwenye kalamu kuliko ulivyomhurumia mtoto? Namsema hivyo mpaka nachoka, kisha nakumbuka ni nani angependa kumwandikia mtu anayemrudishia barua ikiwa imetiwa alama. Muhula mzima nilimfundisha kunyamaza, na alikuwa mwanafunzi mwepesi.

Muhula wa pili ulikuwa muhula wa nidhamu. Nilimpigisha mtoto magoti ukutani. Nilimnyima chai ya maziwa. Televisheni alikuwa akiisogelea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, nikamvuta nyuma nikihofia macho yake. Macho! Na kidogo kidogo akabadilika, nikafurahi. Nikiingia chumbani aliacha alichokuwa akifanya, akanitazama usoni moja kwa moja, hakupepesa. Nikinyoosha kidole, anakwenda. Nikikunja uso, anapiga magoti kabla sijasema neno. Kwenye chumba cha walimu niliwaambia wenzangu, "Wangu alikuwa hasikii. Sasa anasikia hata kabla sijafungua mdomo." Wakacheka, mmoja akaniomba dawa yenyewe.

Hakuna aliyenizuia. Tulipokwenda likizo kwa mama yangu, kijijini Matulo, nilitegemea atasema nimemkondesha mtoto, kama bibi wote wanavyosema. Alimwita kutoka jikoni mara tatu mtoto akiwa uani na kuku, kisha akanigeukia.

"Huyu mutoto ana kiburi ya baba yake. Unamwita, anakaa tu kama jiwe. Wewe mayi, wewe mama yake, hujamchapa?"

"Nimemchapa, mama."

"Ongeza."

Baba yake ndiye pekee aliyekuwa upande wa mtoto, na alikuwa upande huo kwa ujinga kama sisi. Alikuja Jumamosi, akampakata, akazungumza naye uso kwa uso, pua kwa pua, na mtoto akamjibu kila kitu. "Si anasikia vizuri tu, bana?" aliniambia. "Wewe ndio umemfanya kama Kidato cha Nne. Mwache akue." Nikamwambia baba wa wikendi ni mgeni, na mgeni hajui nyumba inapovuja. Alinyamaza. Yeye naye nilikuwa nimemzoesha.

Kisha ikafika siku ya wazazi, mwisho wa muhula wa pili. Kila mzazi alipewa dakika kumi na mwalimu darasani, watoto wengine wakicheza nje. Nilikaa kwenye kiti cha kitoto, magoti yakikaribia kidevu. Nilikuwa nimejiandaa kupongezwa.

Mwalimu alisema, "Karibu, mwalimu," kisha akamwendea mtoto. Alimshika binti yangu mabega, akamgeuza kuelekea ukuta wenye picha za herufi, akampa fimbo ndogo ya kuonyeshea. Mtoto akaanza kuzigusa picha moja moja. Mwalimu akanitazama, akaweka kidole midomoni. Akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Akamwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Mtoto akagusa picha ya jogoo.

Akamwita kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto akagusa kikombe.

"Nani anataka biskuti?" akasema, na watoto watatu wakachungulia dirishani wakipiga kelele, "Mimi ticha! Mimi!" Wangu, mpenda biskuti, alikuwa amefika kwenye picha ya nyumba.

Kisha mwalimu akachukua kifuniko cha sufuria ya uji, kilichokuwa kimewekwa tayari nyuma ya mlango, akakigonga kwa mwiko mara moja. Hapo ndipo binti yangu aligeuka.

Aligeuka, akatuona wawili tukimtazama, akauona uso wangu. Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua yeye aliusoma kwa namna aliyokuwa amejifunza kuusoma: alidondosha fimbo, akapiga magoti pale pale sakafuni, akainua mikono. "Mama, sitaludia," alisema. "Sitaludia."

Hakuwa amefanya lolote. Wala hakujua ni nini hatarudia. Alikuwa akisema neno lililowahi kumaliza mambo siku nyingine.

"Nilikuandikia, mwalimu," yule msichana akasema kwa ile sauti yake ndogo.

Ningeweza kumwomba msamaha. Nilichosema ni hiki: "Mbona hukuandika masikio?"

"Niliandika hasikii. Si hiyo ndio Kiswahili yake? Ama pia hapo nilikosea?"

Nikamuuliza kama alimchapa, kwa ile ruhusa yangu. Akatikisa kichwa. "Nilimweka mbele, kwa meza yangu, ndio aone mdomo yangu nikiongea." Na nitaliandika na hili, maana nisipoliandika nitakuwa nimeandika nusu: hata wakati ule, mwanangu akiwa amepiga magoti mbele yangu, kitu fulani kichwani kilisema, mdomo wangu.

Tulimpeleka hospitali Bungoma, kwa sababu ndiko baba yake alikojua mtu wa masikio. Daktari alimwangalia kwa taa, kushoto, kulia, akarudia kushoto. Akatueleza kwamba nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa na maji yaliyoganda yakawa mazito kama gundi. Watoto wengi hupata hayo baada ya mafua, alisema, na yakigunduliwa mapema hutibika. Haya yalikuwa yamekaa muda mrefu. Yalikuwa yameivuta ngoma ndani na kula vile vifupa vidogo vinavyobeba sauti. Sikio la kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia lilibaki na uwezo kiasi, lingehitaji kuondolewa maji hayo, kisha mashine.

"Hii ni kitu ya karibu mwaka," alisema. "Hakuna mtu aligundua? Kwa shule hawakusema?"

Mume wangu akanitazama. Dayari ilikuwa ndani ya mkoba wangu, mapajani.

"Hakuna aliyetuambia," nikasema.

Ninaweza kueleza yote mengine. Dharau, naweza kusema nililelewa nayo chuoni. Kandambili, naweza kusema kila mama anayo. Lakini lile nililisema nikiwa na akili timamu, ushahidi ukiwa mapajani pangu. Lilitoka kwa Kiswahili sanifu na halikuwa na utata wowote.

Mume wangu ni mtu mpole, na mtu mpole akikasirika hukosa breki. Siku hiyo hiyo alimpigia simu mwenye chekechea. Alisema mwalimu wao amekaa na mtoto kiziwi mwaka mzima kama amekaa na kiazi. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nimembeba mtoto, nikamwacha amalize. Nilisikia baadaye kwamba yule msichana aliitwa ofisini, akasema ameandika, akaambiwa aonyeshe alipoandika. Hakuwa na cha kuonyesha. Muhula wa tatu ulipofunguliwa tulikuwa tumemtoa mtoto, na yeye hakuwa kazini. Mpishi wa uji aliniambia amerudi kwao Endebess. Aliniambia bila kunitazama, akiendelea kukoroga.

Wanafunzi wangu wote, wakikosa namna ya kumaliza insha, huandika kwamba majuto ni mjukuu. Nimekuwa nikiwakatia alama kwa uvivu. Nitaendelea kuwakatia, kwa sababu sasa najua pia ni uongo. Mjukuu huja nyuma, na mtu hupata muda wa kuzeeka akimngojea. Majuto yangu yalikuja siku ile ile, yakanikuta pale kitini kwa daktari, nikayaficha mkobani.

Nilikaa nayo miezi mitatu. Mtoto alitibiwa, akawekewa mashine kwenye sikio la kulia, ndogo, rangi ya maziwa, na kisanduku chake cha kuihifadhia. Siku ya kwanza alipowashiwa alishika kichwa akalia, kwa kelele za dunia. Mume wangu alicheka na kulia pamoja. Usiku, nilitaka kusema. Asubuhi sikutaka tena. Mwishowe Jumapili moja alianza tena kumlaani yule mwalimu mezani, mbele ya mtoto ambaye sasa aliweza kuyasikia hayo, nikainuka nikaileta dayari.

Aliisoma amesimama. Mume wangu si mtu wa vitabu, husoma akisogeza midomo. Alifunua kurasa zote nyekundu, hakuruka hata moja. Alipofika pale aliweka kidole.

"Hapa umeandika mchape."

"Ndiyo."

"Na hapa yeye amekataa."

"Ndiyo."

Aliifunga, akanirudishia. Nilimngojea apige kelele, aseme neno lolote nipate la kujibu. Wiki iliyofuata aliniambia kwamba Bungoma kuna shule yenye darasa la watoto wasiosikia, kwamba dada yake atakuja kukaa Kanduyi kumsaidia, na kwamba ingefaa mtoto aishi huko siku za shule. Sababu ilikuwa nzuri na ilikuwa ya kweli. Nyingine hakuitaja, nami sikuiuliza. Niliomba uhamisho nikaambiwa nisubiri nafasi, na bado nasubiri.

Niliwahi kwenda Endebess kumtafuta yule mwalimu. Nilimkuta dukani kwa shangazi yake, akipima maziwa. Nilimwomba msamaha mbele ya wateja, nikamwambia nimeandika barua kwa mwenye chekechea nikieleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwalimu," alisema. Nikamuuliza kama atarudi kufundisha. Akasema kufundisha kunataka mtu anajua kuongea. Akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia anasikia sasa, na hapo tu ndipo alipotabasamu.

Kwa hiyo sasa ni mimi niliye mgeni wa wikendi. Kila Ijumaa, nikimaliza somo la mwisho, naondoka Kitale, nafika Bungoma watoto wakiwa wanangoja kuchukuliwa. Mwalimu wa darasa lao ni mama mtu mzima wa pale pale Kanduyi, mnene, mcheshi, anayeongea kwa mikono na mdomo kwa pamoja. Huko hawana dayari. Mwalimu akiwa na neno, anakungoja getini akwambie.

Ijumaa moja, wiki chache zilizopita, alikuwa akiningoja. Nilikuwa nimelalamika kwamba mashine haifanyi kazi, kwamba wikendi nzima mtoto hanijibu nikimwita, inabidi nimguse bega. Nilitaka wairudishe hospitali.

"Mama, kuja hapa kidogo," alisema, akanivuta pembeni mwa ukuta, mahali tulipoweza kuwaona watoto, wao wasituone. "Nataka kukwambia kitu lakini usikasilike."

"Sikasiriki."

"Ile mashine iko sawa. Tumeijalibu. Hapa dalasani namwita pole pole nikiwa nyuma, anageuka. Baba yake akikuja anaongea naye, wanacheka. Shangazi pia." Alisita, akasugua mikono yake. "Ni wewe. Akikuona tu kwa geti, anaitoa. Si eti ni tabia mbaya, hapana. Nimemuuliza, akasema maneno ya mama si ya kusikia, ya mama ni ya kuangalia."

Nilimwambia asante. Alinishika mkono, akasema ni mtoto, itaisha, wengine huchukua muda. Alisema maneno mengi mazuri na yote niliyaelewa mara moja, sikuhitaji kuyasoma mara mbili.

Kisha nikatoka pale ukutani nikaenda kusimama getini, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na nilikuwa nimekuja kumchukua. Alikuwa akiruka kamba na wenzake. Aliniona. Uso wake ulichangamka, naapa ulichangamka, akaacha kamba ianguke. Mkono wake wa kulia ukapanda sikioni. Aliitoa mashine kwa vidole viwili, taratibu, kama alivyofundishwa, akaiweka kwenye kisanduku chake, akakifunga, akakitia mfukoni mwa sweta. Ndipo akanikimbilia.